Kanga za Mama Mkwe Mtoni Humber

Jamani, leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, mbele ya mama mkwe.

Naandika haraka kabla mke wangu hajaitaka simu (intaneti yetu hupita kwenye laini ya simu ya nyumbani, nikiwa humu hakuna anayeweza kupiga). Mnajua mama yake amekuja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Tangu afike analalamika, kwa upole, kwamba samaki wa dukani hapa Toronto hawana ladha. Nikajitapa: "Mama, Jumamosi nitakuvulia mwenyewe." Mimi, mtu wa Dodoma.

Doug, mzee ninayefanya naye kazi kiwandani, huvua kwa nzi wa bandia, chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano. Akakubali kunifundisha. Leo asubuhi tukaenda Mto Humber: yeye, mimi, mke wangu amembeba mtoto, na mama amejifunga doti yake ya kanga juu ya koti la baridi. Theluji imeyeyuka juzi tu. Mto umefurika, maji ya kahawia, yanakwenda mbio.

Doug akanivika suruali ya mpira, ile inayofika kifuani. Akasema, "Kaza mkanda kiunoni. Ukianguka, huo ndio unaozuia maji yasiingie."

Nikaukaza. Nikajitazama. Makalio yote yamechoreka, na mama mkwe ameketi nyuma yangu. (Heshima, jamani. Sijawahi hata kukaa naye kochi moja.) Doug alipogeuka, nikaulegeza.

Nikarusha kamba, nzi akanasa kofia yangu. Nikarusha tena, akanasa mti. Nikapiga hatua mbele ili nipate nafasi. Mguu ukateleza.

Maji yakaingia kifuani, yakajaa mpaka miguuni. Nikawa pipa. Mto ukanipeleka hadi kwenye mti ulioanguka ukingoni, nikaukumbatia. Sikuwaza samaki tena. Nilimwaza mtoto wangu ambaye hata kukaa hajajua, nikaogopa kweli.

"Vua kanda za mabegani!" Doug akapiga kelele. Nikavua. Suruali ya mpira ikaenda zake, na ile ya mazoezi niliyovaa ndani ikaifuata.

Hapo nikaona kanga inakuja. Mama alikuwa amefungua moja, ameisokota, na mke wangu amemshika kiuno kwa mkono mmoja, mtoto mkono mwingine.

"Shika, baba, shika!"

Nikashika. Doug akaja nyuma akanisukuma. Nikatua miguuni pa mama mkwe, nimevaa sweta na chupi. Iliyotoboka. Mimi niliyelegeza mkanda ili asione umbo la suruali.

"Mama, nisamehe," nikasema, nimefumba macho.

"Nikusamehe nini? Mwanangu bado ana mume. Simama nikufunge, unatetemeka."

Akavua kanga ya pili akanifunga mwenyewe, kama anavyomfunga mjukuu wake. (Maneno yaliyoandikwa kwa nyuma siyataji.) Ndivyo nilivyopanda lifti ya ghorofa letu, Crescent Town, majirani wakinisalimu, Doug akinifuata na viatu vyangu.

Nashukuru sana. Namshukuru Mungu, namshukuru Doug, na yeyote yule aliyeamua kanga ziuzwe mbilimbili. Jioni tumekula samaki wa dukani. Mama amemaliza sahani yake, anasema leo wana ladha.

Naomba asicheke mtu. Mama mkwe yuko jikoni anacheka tangu alasiri, anatutosha wote.