Marahaba Imekwama Kahama

Jamani, leo nimeadhirika. Mbele ya baba mkwe mtarajiwa, tena nikiwa nimepiga magoti! Acheni niwasimulie mwenyewe kabla Shangazi hajawasimulia kwa namna yake.

Mnamfahamu Masanja wangu, fundi wa redio za mawasiliano kule mgodini Geita. (Asiyemfahamu atamwona harusini, kama harusi bado ipo.) Kwao wako tayari kutuma washenga, ila bibi yake, Bibi Kabula, amekataa katakata: washenga hawatoki mpaka yeye mwenyewe aione sura ya huyo msichana. Na miguu yake haiwezi tena kumfikisha Shinyanga. Basi Masanja akasema tutaonana kwa video. Yeye apeleke kompyuta kijijini kwao, mimi niazime ya ofisini, tukutane hewani mchana.

Asubuhi nikampigia kumwuliza hiyo video inafanyaje kazi hasa. Jibu lake lilinifanya nisahau chai mezani.

"Pendo, uso wako haupiti mzima," akasema. "Kompyuta inausaga. Inaugeuza tarakimu, inazifunga kwenye vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake. Kimoja kitapita mnara wa Kahama, kingine kwingine. Vikifika kwetu vinapangwa upya, unakuwa Pendo."

"Inachukua muda gani?"

"Muda gani! Hujamaliza hata kupepesa jicho."

Fikirieni! Mimi naishi kwa Shangazi Ester, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mahindi kuwa unga nimeona sana. Lakini unga kurudi kuwa hindi, kila punje mahali pake, tena njiani umepita Kahama? Nilijishika mashavu. Niliogopa na nilifurahi kwa pamoja.

"Na haitumi picha nzima kila mara," akaendelea. "Inatuma kile kilichobadilika. Ukuta haujasogea? Hautumwi tena. Kwa hiyo utulie, huku mtandao ni mdogo. Halafu sauti huchelewa kidogo. Ukisema neno, subiri jibu. Usikurupuke."

Tulia. Subiri jibu. Nikayashika hayo mawili kama amri. (Ndiyo yaliyonimaliza.)

Chumba chetu kina magunia ya mpunga na baiskeli mbovu. Masanja akanielekeza pa kubonyeza ili niweke picha ya bandia nyuma yangu. Nikabonyeza. Magunia yakatoweka! Pakaja sofa jeupe na dirisha lenye maua. Ile mashine inajua mtu anaishia wapi na gunia linaanzia wapi, inakukata kama fundi cherehani anavyofuata chaki. Shangazi akapiga makofi.

"Kwa hiyo na mimi nikikaa hapa nyuma yako sionekani?"

"Huonekani, Shangazi. Nimekuziba."

Akajiweka juu ya gunia na bakuli lake la matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, na karanga pembeni. Hakutaka kupitwa na neno hata moja.

Mavazi sasa. Juu nilipendeza: blauzi ya kitenge, kilemba, hereni. Chini nilivaa bukta ya mpira ya Masanja. Joto lilikuwa kali, na kamera inaishia kifuani. (Nyamazeni.)

Simu ikaunganishwa. Bibi Kabula akanitokea pale mezani mzima mzima! Niliiona mikunjo ya uso wake mmoja mmoja. Niliuona uzi uliochomoka kwenye khanga yake. Mtu yuko kijijini Geita, nami nahesabu nyuzi za khanga yake Shinyanga! Machozi yalinilengalenga.

Kabla sijafungua mdomo, mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Nikazima kipaza sauti haraka wasisikie kelele. Sauti yao nikaiongeza, nikawa nawasikia vizuri. Nikakaa tuli, nasubiri mashine imalize. Tuli kabisa. Hata kupepesa jicho nilijizuia, maana nako ni kubadilika.

"Mbona haongei?" Bibi akauliza.

"Ameganda, Bibi," Masanja akajibu. "Mtandao huo."

"Kwa hiyo yeye hatusikii?"

"Hatusikii."

Bibi akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Pua nzuri. Macho mazuri. Lakini shingo hii, Masanja, itabeba ndoo ya maji kweli? Na meno je? Mwambie acheke."

"Bibi, ameganda!"

Nyuma yangu Shangazi alipaliwa na karanga. Mimi sikutikisika.

Hapo akaingia Mzee Lugata, baba yake Masanja. Shati jeupe, kofia mkononi. Kwetu baba mkwe humsalimii ukiwa umekaa kitini, hata kama yuko Geita. Nikateremka. Magoti yote mawili chini, macho sakafuni.

"Shikamoo baba."

Na ukishapiga magoti huinuki mpaka uitikiwe. Nikasubiri. Kimya. Nikakumbuka sauti huchelewa. Marahaba iko njiani, nikajiambia, imekwama Kahama kwenye mnara, inapangwa.

Kumbe kipaza sauti bado nimekizima! Wale kule Geita waliona msichana aliyekuwa ameganda anamwona baba mkwe, anazinduka ghafla, anazama chini bila salamu. Kikabaki kiti.

"Amekimbia!" akapiga kelele Bibi.

(Mimi pale chini nikadhani ni kuku aliyeandaliwa kuchinjwa.)

Kisha nikaisikia sauti ya Mzee Lugata, ya chini na ya huzuni. "Basi. Msichana asiyetaka kunisalimia, nitamtumia washenga wa nini?"

"Shikamoo baba! Shikamoo!" Nilikuwa napiga kelele chini ya meza, na sauti yote ilibaki na mimi na sakafu.

Na ile mashine ya kukata watu? Ilikuwa imenipoteza, ikatafuta mtu mwingine. Ikampata Shangazi! Akachomoza katikati ya sofa jeupe, shavu limejaa tobolwa.

Bibi Kabula alishtuka. "Huyu si ndiye yule? Mbona amezeeka ghafla? Masanja, kweli gete, mtandao gani huu?"

Shangazi alitaka kumjibu. Midomo yake ilicheza, vipande vikaruka, sauti haikufika. Alipoona hawamsikii akaamua kuwaonyesha kwa vitendo. Akaja mezani, akaishika kompyuta, akaiinamisha kamera ikatazama chini.

Pale nilipo. Juu kilemba na kitenge. Chini bukta, mapaja nje, namba tisa ubavuni. Nimepiga magoti mbele ya baba mkwe.

Mashine ya kusaga ikanyamaza wakati huohuo. Picha ilikuwa safi ajabu, haikukatika hata kidogo. Niliinua macho nikamwona Mzee Lugata amejifunika uso mzima kwa kofia. Nikanyoosha mkono, nikakiwasha kipaza sauti.

"Shikamoo baba."

Kofia haikushuka. Ila chini yake, taratibu, ikatoka:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Jamani, nililia. Lile neno nalo lilisagwa, likafungwa kwenye vifurushi, likapita hewani, na likanifikia na upole wake wote. Hakuna hata punje iliyopotea. Masanja hakuniambia kama na upole unapita humo.

"Ina maana alikuwa hapo chini muda wote huo?" Bibi akauliza.

"Muda wote, Bibi," nikajibu. "Nilikuwa nasubiri marahaba."

Bibi akanitazama. Akatazama bukta. Akamgeukia Mzee Lugata, ambaye bado yuko ndani ya kofia.

"Washenga waende," akasema. "Ila wasitangulie kutaja ng'ombe. Watangulize sketi."

Ndiyo hivyo. Tafadhali msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, azime kipaza sauti kwanza.