Mgeni wa Krismasi Atakuja kwa Mtumbwi

Jumatano, 20 Desemba 1995

Krismasi yangu ya kwanza nje ya Kenya. Mvua. Chumba kinavuja juu ya kitanda changu tu. Kitanda cha Luhende kikavu kabisa. Luhende ni mwenzangu wa kujitolea hapa kituoni kando ya ziwa, kijana wa Buhongwa, anawafundisha watoto yatima kwaya. Ana sauti nzuri na meno mazuri. Simpendi.

Asubuhi nilimwambia mpishi, nipe chai. Mama Dorcas, mkuu wa kituo, akanivuta kando na kunieleza kwa upole kwamba hapa Tanzania watu husema naomba. Mimi! Mwadime wa Voi! Nikaomba. Chai ilikuwa imekwisha.

Habari kubwa: wageni wa kanisa la ng'ambo, wale wanaotulisha, watakula Krismasi nasi. Inasemekana watamchagua mmoja wetu akasomee malezi ya watoto kwao. Luhende ana kwaya. Mimi sina kitu. Lazima nipate jambo.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimepata jambo! Baba Krismasi. Tena hatapita getini kama muuza maandazi. Atatokea ziwani, ndani ya mtumbwi, zawadi miguuni, wageni wakitazama. Luhende aimbe mpaka akauke.

Mama Dorcas amekubali, kwa shingo upande. Amesema watoto hawa wameahidiwa mengi na watu wengi, kwa hiyo nisiwaambie neno lolote kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jioni niliwaambia. Nifanyeje? Luhende alikuwa anapiga ngoma na macho yote yalikuwa kwake. Nikasimama mlangoni nikatangaza kwamba siku ya Krismasi mgeni mkubwa atakuja kwa maji, mgeni anayewapenda, ambaye hakuwasahau muda wote huu. Kelele hizo! Ngoma ikanyamaza. Raha iliyoje!

Odeta peke yake hakupiga kelele. Ni msichana wa miaka minane hivi, mkimya, hukaa mwisho wa benchi. Baadaye alinifuata akauliza kama mgeni huyo ni mwanamume. Nikasema ndiyo. Akauliza kama anatoka visiwani. Nikasema anatoka mbali, huenda akapitia visiwani. Akaondoka mbio. Watoto wananielewa sana.

Jumamosi, 23 Desemba

Soko la Mabatini, kwenye mitumba. Siku hizi kila kitu kipo, cha Dubai, cha Ulaya, ila joho la Baba Krismasi halipo. Nimepata vazi jekundu la kuogea, refu, la kitambaa cha taulo, la kike, lina ua kifuani. Nitalivaa nje ndani. Ndevu ni pamba mbichi, mbegu bado zimo. Nitazibandika kwa gundi ya fundi viatu. Zawadi: pipi, vitana, mipira ya plastiki.

Malimi, mvuvi wa Mkuyuni, atanileta kwa mtumbwi wake. Alisema magugu maji yamezidi upande wetu, upepo ukigeuka yanafunga njia. Nikamwambia siku ya Krismasi upepo utakuwa na adabu.

Jumapili, 24 Desemba

Saa hizi Voi ndugu zangu wanashuka kwenye gari moshi, mama anasukuma chapati, shangazi anamgombeza kila mtu. Hapa tumekula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishapandishwa ndege. Nilifyonza kichwa cha samaki nikalia kidogo. Luhende akanisogezea kipande chake, ndicho kilichokuwa na nyama. Mnafiki. Nikala.

Baada ya chakula Mama Dorcas aliniita, uso umemkunjamana. Nilimwambia nini Odeta? Kumbe mama yake mtoto alipofariki, baba alimleta hapa, akaenda visiwani kuvua, akamwambia atarudi kumchukua kwa mtumbwi. Huu mwaka wa tatu, hajaonekana. Sasa Odeta ameshawaaga wenzake. Kikombe chake amempa rafiki.

"Nenda kamwambie ukweli," alisema. "Leo, si kesho."

Nikaenda. Kweli nilikwenda. Nilimkuta anasukwa nywele. Akanitabasamia, sikuwahi kuona meno yake. Akaniuliza kama mgeni atapenda gauni la njano.

Nikasema atalipenda sana.

Jumatatu, 25 Desemba

Ndevu hazitoki.

Malimi alikuja amevaa suti. Upepo ulikuwa umegeuka. Mbele ya ufuko wetu hapakuwa na ziwa, palikuwa na shamba la majani. Nikamwambia apige kasia tu. Akapiga. Tukakwama karibu kabisa na nchi kavu, nasikia kwaya, naona wageni wameinua kamera. Nikamwambia Malimi ashuke asukume. Akajibu kwamba yeye amevaa suti ya kanisani, mwenye nguo ya kuogea ni mimi.

Nikashuka. Maji yakanifika kifuani, magugu shingoni. Nilishika mtumbwi ukainama, boksi likapinduka. Pipi zilizama. Mipira ikaelea juu ya majani. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ndipo nikamwona Odeta. Alikuwa ameingia majini na gauni lake la njano, anayasukuma magugu kwa mikono miwili.

"Baba! Baba, nipo hapa!"

Maji yalimfika kiunoni. Nikapiga kelele, "Odeta, rudi! Kuna kina!"

Akasimama. Akanitazama ndevu, akanitazama macho.

"Ni Anko Mwadime," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma ubaoni.

Luhende alitupa ngoma, akaingia na viatu, akambeba. Odeta hakulia. Alikaa ufukoni, maji yanamchuruzika, anatazama nyuma yangu, kana kwamba labda nyuma yangu kuna mtumbwi mwingine.

Pilau lilikuwa zuri, wanasema. Langu lilijaa pamba.

Jumanne, 26 Desemba

Mama Dorcas amenitoa ndevu kwa mafuta ya taa na mkasi. Na ngozi kidogo. Alipomaliza akaniambia Odeta hajala tangu jana asubuhi. Amemweleza ukweli wote: kwamba wametuma watu visiwani mara nyingi kumuulizia baba yake, na hakuna anayejua alipo. Mtoto alisikiliza, akaenda kumwomba rafiki yake amrudishie kikombe.

Luhende alikaa naye asubuhi nzima bila kuimba. Nikaenda nikakaa upande wa pili. Mkono wake mdogo ulikuwa juu ya benchi. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kweli.

Jioni Mama Dorcas aliniwekea Biblia mbele, nikaapa kutowaahidi watoto chochote tena, hata pipi.

Wageni wamemchagua Luhende. Amekataa! Eti hawezi kuwaacha watoto kipindi hiki. Wameondoka bila mtu. Nilisimama pale getini nimeshika begi, wakanipa mkono, wakapanda gari.

Alhamisi, 28 Desemba

Odeta amekunywa uji. Kidogo, lakini amekunywa. Kituo kizima kikapumua.

Mchana alinikuta ninafua lile vazi jekundu. Alisimama kando, akauliza kama visiwani ni mbali sana. Nikakumbuka Biblia. Nikakumbuka uso wa Mama Dorcas. Nikasuuza nguo, nikakamua, nikaanika. Bado alikuwa amesimama.

Nikasema si mbali. Nikasema namjua mtu mwenye mashua kubwa, yenye injini, inayopasua magugu kama kisu. Nikasema Pasaka tutakwenda, mimi na yeye, kisiwa kwa kisiwa, mpaka tumpate.

Akatabasamu! Luhende amekaa naye siku zote hizi hajapata hata tabasamu moja.

Imebaki kutafuta mashua tu.