Coquito ya Wifi Yangu

Jumatatu, 16 Desemba

Ivelisse amefika. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi Orlando na kukumbuka kwamba ana mama kila ifikapo Desemba. Tumetoka Yabucoa alfajiri kwenda kumpokea uwanja wa ndege San Juan. Masanduku manne kwa siku kumi na moja! Mama mkwe amemkumbatia na kulia mpaka miwani ikadondoka. Mimi naingia kwake kila Jumanne na Ijumaa, mwaka wa kumi na tisa huu. Nampikia, namkata kucha, nasikiliza habari za goti lake. Hajawahi kunililia hata tone moja.

Njiani kurudi, Mama (wengine wote humwita Doña Provi) akatoa tangazo. Mikono yake inatetemeka, kukuna nazi hawezi tena. Mwaka huu coquito, kinywaji chetu cha tui la nazi na ramu cha mkesha wa Krismasi, tutaitengeneza sisi wawili, mimi chupa yangu na Ivelisse chupa yake. Yeye ataonja. Atakayemkuna roho ataondoka na guayo.

Guayo! Lile bati alilolitoboa baba yake kwa msumari, tundu moja moja, akalipigilia kwenye ubao. Limekuna nazi za Desemba zote tangu Mama hajazaliwa. Mwenye guayo ndiye mwenye coquito ya ukoo huu, basi. Nimelitamani tangu wiki niliyoolewa.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba sisi sote ni watoto wake, yeyote atakayelipata ni sawa tu. Efraín, mume wangu, akapatwa na kikohozi.

Jumanne, 17 Desemba

Sanduku la tatu lilikuwa na mashine ya kusagia. Ina vitufe kumi na viwili na koti lake la kujifunika. Mashine yangu ina kitufe kimoja, nacho lazima ukishikilie kwa kijiko.

Nimemtuma Efraín kwa mama yake akachunguze dada yake anaweka nini. Nimempa maelekezo: aonje kidogo, akumbuke viungo, arudi. Amerudi baada ya saa tatu, anaimba. Nikamwuliza ikoje. Tamu. Tamu ya nini? Tamu ya kunywa, mke wangu. Halafu akalala kwenye kochi na viatu vyake.

Jasusi gani huyu. Na mimi nimezaa naye watoto wawili.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimejitolea kumtolea Mama takataka. Ameniita malaika. Nyuma ya nyumba nikafungua mfuko: makopo manne ya tui, makopo mawili ya maziwa mazito, na boksi la aiskrimu ya vanila. Aiskrimu! Kwenye coquito! Nilisimama pale na boksi mkononi, nina raha kama nimeokota pete. Mtu anayetumia tui la kopo na aiskrimu hawezi kunishinda.

Raha ikadumu mpaka saa tisa. Akina mama wa kanisani walikuja kufanya mazoezi ya nyimbo, Ivelisse akawapa kila mmoja kikombe kidogo. Doña Luz Celenia, ambaye hajasifu kitu tangu nimjue, alifumba macho. Akasema huyu binti ana mkono wa baraka. Akaomba cha pili. Kisha akanigeukia kuniuliza kama mimi nimeleta biskuti.

Nilikuwa nimeleta. Za tangawizi. Ivelisse akasukuma sahani pembeni, akasema jamani wifi, tangawizi inaniwasha ulimi tangu utotoni, nyumba nzima inajua. Nikasema nilisahau.

Sikusahau.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetengeneza yangu, jikoni kwa Mama. Ametuambia guayo litumiwe na yeyote anayetaka. Ivelisse hajaligusa, anaogopea kucha zake za bandia. Nimekuna nazi tano, vidole viwili vimechubuka. Nimekamua tui la kwanza kwenye kitambaa. Mdalasini, karafuu na kipande cha tangawizi nimevichemsha peke yake, maji yakapoa, nikachanganya na tui na maziwa mazito. Kungumanga ya kuparuza. Chumvi, ncha ya kisu tu. Ramu ya mlimani, ile wasiyoiuza dukani.

Mama alikaa kwenye kiti chake anapukuchua mbaazi za wali wa mkesha. Nilipofika kwenye chumvi aliacha kupukuchua. Nadhani nilizidisha.

Nikaonja. Nikanyong'onyea. Haina jipya lolote! Ni ladha ya kila mwaka, ileile ya Mama (Ivelisse hutengewa yake isiyo na tangawizi). Nani atashtuka kwa kitu anachokijua? Doña Luz Celenia hawezi kufumba macho kwa hii.

Jumapili, 22 Desemba

Nimeiba kijiko kimoja cha coquito ya Ivelisse. Viwili. Sawa, vinne.

Laini kama hariri. Inateleza yenyewe, huna hata haja ya kumeza. Nimesimama mbele ya friji la Mama machozi yananilengalenga, na si machozi ya dini ingawa nilikuwa natoka misani. Roho ya kwa nini imenishika. Kwa nini yeye? Ana Orlando, ana mashine ya vitufe kumi na viwili, ana mama anayemlilia uwanja wa ndege. Na guayo alitake la nini, wakati hajawahi kukuna hata nazi moja?

Efraín akasema mbona nimenuna. Nikamwambia sijanuna. Akasema sawa. Mtu akikubali haraka namna hiyo anakera.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimepata njia!

Mama alitugawia chupa mbili za kufanana, zile za pembe nne za ramu alizoacha marehemu baba mkwe, asije mtu akasema kuna upendeleo. Yangu ina utepe mwekundu shingoni, ya Ivelisse ina utepe wa kijani. Ndani zote mbili zina rangi moja. Kwa hiyo coquito sina haja ya kuigusa kabisa. Nahamisha nyuzi mbili za utepe. Nukta thelathini. Huo si wizi hata kidogo, kwa sababu hakuna kitakachotoka kwenye friji.

Nimefanya mazoezi nyumbani kwa chupa mbili za siki. Nukta arobaini na tano. Vidole vimevimba.

Jumanne, 24 Desemba, asubuhi

Imekwisha. Nilifika saa mbili, Mama anaoga, Ivelisse yuko kwenye simu na Orlando. Utepe wa kijani ukatoka. Mwekundu ukatoka. Nikafunga wa kijani kwenye yangu, ule mwekundu kwenye yake, nikawa nakaza fundo la mwisho, mlango ukafunguka. Ivelisse huyo, na taulo kichwani.

Nikajitia hamnazo. Nikaanza kuitikisa chupa kwa nguvu, huku namweleza kwamba mafuta ya nazi yameganda shingoni, nimeona nimtikisie na yake. Akalikaza taulo. Akasema wifi, una moyo mzuri, mimi nisingekukumbuka. Akanibusu shavuni.

Sijisikii vibaya. Nina njaa tu.

Jumanne, 24 Desemba, saa kumi na mbili jioni

Naandika nimejifungia bafuni kwa Mama. Efraín anagonga. Nimemwambia ni tumbo.

Saa kumi tulikusanyika barazani. Mama amevaa gauni lake la zambarau, guayo liko mapajani limefungwa kwa taulo. Akaonja kwanza ya utepe mwekundu, yaani ya Ivelisse, yaani yangu kwa macho ya watu. Akasema nzuri, laini sana, inafaa kwa wageni. Inafaa kwa wageni! Akashika ya kijani. Akameza. Akafumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Machozi yakaanza kumtoka.

"Hii ndiyo ya mama yangu," akasema. "Hata chumvi ipo. Aliyetengeneza hii alikuwa ananitazama mikono."

Akanyoosha guayo kuelekea kwenye utepe wa kijani.

Chozi langu, jamani! Miaka kumi na tisa nalisubiri, leo limetoka, na limekwenda kwa Ivelisse na aiskrimu yake. Ningesema nini? Kwamba ile ni yangu kwa sababu ile si yake kwa sababu asubuhi mimi?

Ivelisse akainua kikombe kuonja coquito iliyompa ushindi. Akanywa funda moja. Uso ukambadilika, akakimbilia maji. Bilauri ya kwanza, ya pili, ya tatu, anakwaruza ulimi kwa meno. Anajua! Anajua vizuri kwamba ile yenye tangawizi si yake. Na amefanyaje? Amelikumbatia guayo, meno yote nje, akasema asante Mama, nilijitahidi.

Sijawahi kuona mtu mkavu wa macho kiasi hicho. Kupokea sifa za jasho la mwenzako! Watu wengine dhamiri wameiacha uwanja wa ndege.

Jumatano, 25 Desemba

Mama ameniita chumbani kwake baada ya chakula. Amefunga mlango. Akaniambia nikae kitandani, nikakaa.

"Zoraida, mwanangu, una neno la kuniambia?"

Nikasema Krismasi njema.

Akasema Ivelisse alipokuwa na miaka minne alilamba tangawizi, wakampeleka kwa daktari na ulimi umevimba. Hawezi kuichemsha, harufu yake tu inamtoa jikoni. Akasema pia kwamba ana miaka themanini na nne na yuko jikoni tangu ana saba, anajua nani alikuwa akikuna na nani alikuwa akipiga picha. Hana hasira, alisema. Anachotaka ni kusikia kutoka kinywani mwangu. Niseme tu neno moja, yeye mwenyewe atalitoa guayo kwenye sanduku la Ivelisse na kunikabidhi mbele ya watu, na utepe hatautaja.

Akanishika mkono. Mkono wake unatetemeka kweli, jamani. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Halafu nikamwona akilini Ivelisse siku atakaposikia, akisema wifi, kumbe ulikuwa unatikisa, eeh? Akiisimulia hadithi hiyo kila Desemba, pamoja na kile kibusu.

Nikasema labda huko Orlando amezoea tangawizi. Watu hubadilika.

Mama akauachia mkono wangu taratibu. Akasema haya, nimletee kahawa.

Nimempelekea kahawa. Nilimtilia sukari anavyopenda. Aliinywa akiangalia dirishani.

Ijumaa, 27 Desemba

Ivelisse amerudi Orlando. Guayo limo kwenye sanduku la pili, limeviringishwa kwenye suruali zake za mazoezi. Nilijitolea kubeba sanduku hilo mwenyewe mpaka kwenye foleni, nikitumaini mpini utakatika. Umekatika. Nimeangukiwa na sanduku kwenye kidole gumba cha mguu. Guayo halijapata hata mkwaruzo.

Tulipoagana alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba coquito yangu ni tamu sana, angeomba nimwandikie jinsi ya kuitengeneza, ila bila tangawizi. Akacheka. Nikacheka. Efraín naye akacheka, hata hajui kwa nini.

Ile safari ya kurudi Yabucoa, Mama alikaa kiti cha nyuma peke yake. Hakusema kitu kuhusu goti.

Jumatatu, 6 Januari

Siku ya Wafalme Watatu. Ivelisse ametuma picha. Guayo liko ukutani sebuleni kwake, juu ya televisheni. Amelipaka rangi ya dhahabu. Kwenye matundu, yale matundu ya msumari wa babu yao, amechomeka maua ya plastiki.

Nilimwonyesha Mama. Aliitazama simu, akanirudishia. Akasema yule hatalikumbuka baada ya mwezi, nimpigie nimwombe tu, atanitumia kwa posta. Akaongeza kwamba hata sasa, nikiwa tayari kusema, yeye yupo, anasikiliza.

Nimwombe! Nimpigie Ivelisse simu, nimwambie tafadhali! Na aniulize nalitakia nini wakati mshindi ni yeye?

Hapana. Nina njia bora zaidi. Leo mchana nimemfanya Efraín atoboe bati jipya kwa msumari, nimemwambia ni la kukunia ndizi mbichi. Nimelipigilia kwenye ubao wa zamani. Sasa hivi limelowekwa kwenye siki lipate kutu, siki ya zile chupa mbili za mazoezi na nyingine nimeongeza. Nimeshanunua rangi ya dhahabu na maua ya plastiki, yanayofanana kabisa na yale ya kwenye picha. Pasaka tunakwenda Orlando kumtembelea wifi yangu mpenzi. Nitajitolea kufuta vumbi juu ya televisheni.

Hili langu jipya nitalitia alama kwa nyuma ili yasichanganyike. Nitafunga kipande cha utepe. Mwekundu.