Ombi la Kuisahihisha Riwaya Ikubaliane na Muhtasari

Dirisha Namba Nne,
Ofisi ya Mitihani,
Multan.

Kwa Mheshimiwa Mdhibiti wa Mitihani,

YAH: MTAHINIWA ALIYESOMA KITABU

Assalamu alaykum. Mimi ni Sibtain Gardezi, karani wa muda katika dirisha la malalamiko, yule mwembamba ambaye Mheshimiwa alimwambia juzi asogee asizuie feni. Nathubutu kuandika kwa sababu Naeem Sahib, karani wetu mkuu, ameniagiza, na kwa sababu jambo hili likiachwa litaharibu matokeo ya kanda nzima.

Kama Mheshimiwa ajuavyo, mwaka huu mtihani wa fasihi ulitoka katika riwaya ya kale ya mazimwi na maperi, wale majini wazuri wenye mabawa, iitwayo Ngome ya Moshi, ambayo ina kurasa mia saba na kwa hiyo haisomwi. Wanafunzi walinunua muhtasari wake sokoni kama ilivyo desturi, kijitabu chembamba chenye jalada la njano, Ufaulu Bila Jasho. Kwa bahati mbaya mwandishi wa muhtasari huo, Profesa mstaafu Yawar Kirmani, aliuandika kwa mzaha. Watahiniwa wote waliukariri isipokuwa mmoja. Mahpara Khosa, binti wa fundi wa majokofu, alisoma riwaya yenyewe, naye amefeli. Sasa anadai karatasi yake ipitiwe upya kabla ya Jumamosi, siku ambayo chuo cha uuguzi kinafunga kupokea wanafunzi. Asipopata cheti kufikia siku hiyo, nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Jibu lake halifanani na la mtu yeyote. Swali lilikuwa: "Eleza jinsi Zimwi Garjan alivyoshindwa." Watahiniwa wengine wote walijibu, kwa mwandiko mzuri, kwamba Mwanamfalme Behzad alipofika langoni alimtaka zimwi aonyeshe kitambulisho halisi pamoja na nakala tatu zilizothibitishwa na afisa wa serikali. Zimwi akazunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka kumi na miwili akiambiwa afisa yuko kwenye mkutano. Mwishowe akachoka, akakabidhi ngome na kufungua duka la jalebi, vile vitamu vya kukaanga. Mahpara yeye ameandika kwamba Behzad alimrudishia zimwi kivuli cha binti yake aliyefariki, na zimwi akafa kwa kulia. Wasahihishaji waliniambia kwamba hili la kulia haliaminiki. Lile la nakala tatu liliwagusa sana. Mmoja wao alikuwa anatafuta afisa wa kumthibitishia cheti cha kuzaliwa tangu Ramadhani, akasema ni mara ya kwanza fasihi kumwelewa.

2. Mwongozo wa kusahihisha nao ulitolewa katika kijitabu hicho hicho cha njano, kwa kuwa ombi letu la kununuliwa nakala ya riwaya bado linapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu. Kwa hiyo kusema kwamba binti huyu yuko sahihi ni kusema kwamba mwongozo umekosea, na mwongozo una saini ya Mheshimiwa. Nimejaribu mara kadhaa kuandika sentensi hiyo kwa adabu. Haina namna ya adabu.

3. Profesa Kirmani hataki kutusaidia. Naeem Sahib alinituma nyumbani kwake nikamwombe atangaze kwamba muhtasari wake ni wa kweli, mambo yaishe. Alinikaribisha chai, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu," aliniambia, "ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: Ndugu msomaji, yote yaliyomo humu ni uongo, nenda kasome kitabu. Hukuuona?"

Nilimweleza kwamba ukurasa wa kwanza hausomwi, kwani majibu yanaanza ukurasa wa tatu.

"Basi mimi nilitaka kuwacheka wavivu wa mtaani kwangu tu," alisema. "Sikujua kwamba na wasahihishaji wamehamia huku."

Naomba ieleweke kwamba sikucheka. Chai ilinipalia.

4. Hamdan Lodhi ameshakuwa wa kwanza katika kanda. Hili ndilo linalonitisha zaidi. Kituo chake cha masomo ya jioni kimetundika picha yake kwenye njia panda, kubwa kama shuka la kitanda cha wawili, na chini yake wameandika jibu lake lote. Naibu waziri alimvika medali, na katika hotuba yake akawataka vijana wamuige zimwi, aliyeacha nyumba ya serikali akajiajiri. Karibu na stendi pamefunguliwa duka la vitamu liitwalo Garjan na Wanawe, na wiki iliyopita harusi mbili zilichukua jalebi hapo. Mahpara akifaulu, nani atapanda ngazi kumshusha Hamdan? Nani atamwambia naibu waziri kwamba zimwi hakuwahi kukaanga chochote? Na wenye duka wameshachapisha mifuko.

5. Mwenendo wake unaitesa ofisi. Kila asubuhi huja na bibi yake, wakakaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu. Hapigi kelele, hali inayotunyima sababu ya kumwita mlinzi. Jana aliniuliza, kwa upole kabisa: "Kaka, wewe mwenyewe umekisoma?" Nilimjibu kwamba ofisi haina msimamo kuhusu hilo.

Bibi yake akamwambia, "Mwache, mjukuu wangu. Huyu kaka yako anauogopa hata muhuri wake."

Foleni nzima ikacheka. Muuza chai wa korido akaongeza kwamba ningekuwa mimi mlinzi wa ile ngome, Behzad angeambiwa arudi kesho. Mheshimiwa, mimi ni mtumishi wa muda, na heshima yangu pia ni ya muda. Siwezi kuipoteza mbele ya watu kabla haijathibitishwa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, ombi la Mahpara Khosa likataliwe, kwa kosa la kujua mambo yaliyo nje ya muhtasari.

Pili, riwaya yenyewe isahihishwe. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni njia nyingine yenye amani. Wanafunzi, walimu, wasahihishaji, naibu waziri na wauza jalebi wote wanakubaliana. Anayepingana nao ni kitabu peke yake. Nakala zote zikusanywe kutoka maktaba na majumbani, sura za mwisho zing'olewe, na pabandikwe duka la jalebi. Mwandishi ni marehemu na hatarajiwi kukata rufaa. Warithi wake wakitaka kupinga, waambiwe walete nakala tatu zilizothibitishwa.

Tatu, kuanzia mwaka ujao mtahiniwa yeyote asiruhusiwe kusoma riwaya katika msimu wa mitihani bila cheti cha daktari.

Nne, na hili nalitaja kwa woga, Mheshimiwa akumbuke kwamba faili la kunithibitisha kazini liko mezani kwake, upande wa kushoto, chini ya gazeti.

Naomba unifikishie salamu zangu kwa Begum Sahiba na watoto, kwa dereva wako Rafaqat ambaye hunipungia mkono, kwa mlinzi wa lango, na kwa wote wa ghorofa ya tatu, hasa yeyote aliyeshika lile ombi la kununua riwaya.

Wako mtiifu, anayesubiri maelekezo,

Sibtain Gardezi
Karani wa muda

Tanbihi: Nilipomaliza barua hii, Naeem Sahib alinipa nakala ya riwaya kutoka maktaba ya manispaa pamoja na mkasi, nikate sura za mwisho ziwe mfano wa masahihisho. Nilifungua ili nijue pa kuanzia kukata. Nikafika mahali ambapo zimwi anamuuliza Behzad kama kile kivuli kilipata pa kulala njiani, na kama kilikula. Nilimrudishia Naeem Sahib mkasi wake, nikaanza upya ukurasa wa kwanza. Jibu la Mahpara ni sahihi. Kwa kweli amelifupisha, kwani ameliacha lile la chakula. Kwa hiyo nimechukua moja ya zile karatasi za kurekebisha matokeo ambazo Mheshimiwa alitusainia mapema ili tusimsumbue, nikajaza kwamba amefaulu, nikagonga muhuri, nikampa mkononi leo, Alhamisi. Wameshapanda riksho, yeye na bibi yake, kwenda chuoni. Haya niliyoandika juu yasizingatiwe, ila Naeem Sahib amesema barua iliyokwisha kupewa namba haichanwi. Iwapo itabidi nifukuzwe kazi, naomba barua ya kunifukuza isicheleweshwe kama mafaili mengine, kwa kuwa nimebakiza zaidi ya nusu ya kitabu, na hapa dirishani watu hawaniachi nisome.