Herufi Mbili za Kufuta

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema, ya kwanza tangu msiba. Mwenye nyumba ya wageni aliniita. Jumamosi ataweka kibao ukutani, pale mapokezi, kumkumbuka mke wangu aliyemtunzia vyumba hadi alipougua. Huyu mama huniita shemeji tangu zamani, maana yeye na mke wangu walikuwa kama ndugu. Alisema kibao kiko kwa mchora mabango, kinakauka, na mimi ndiye nitakayevuta kitambaa.

Nikapita kwa mchora mabango. Sipendi kupita kwake. Kabla sijaoa, huyu mtu alimchorea mke wangu sinia, jina lake kwa rangi nyekundu na maua pembeni. Mke wangu alilirudisha. Mimi sikumchorea chochote. Nilimtengenezea kufuli la sanduku. Hilo hakulirudisha.

Kibao ni kizuri, lazima niseme. Ubao mweusi, herufi nyeupe. Jina lake juu. Chini yake ni Kiingereza, kwa ajili ya wageni: ukumbusho wa mtunza vyumba wetu, na hapo kumewekwa neno la sifa, HOMELY. Sikusoma sana, lakini darasani sikulala. "Home" ni nyumbani. Kwa hiyo HOMELY ni wa nyumbani. Wa kwetu. Nilifurahi hadi nikampa mkono mchora mabango. Wake ulikuwa na rangi. Kiganja changu ni cheupe mpaka sasa, sijataka kukiosha.

Jumanne, 7 Mei

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Binti yangu alikuja kunitazama. Kazi yake ni kupokea simu za wateja wa ng'ambo, anaongea Kiingereza kutwa, akifika kwangu sauti imekwisha. Nikamtajia neno. Nikangoja afurahi. Akauliza kama nina hakika na herufi. Nikazitaja moja moja. Akasema, Baba, wateja wetu wengi wakimwita mtu hivyo, wana maana hana sura. Wanasema kwa upole, ila maana ndiyo hiyo. Kisha akaanza kusema inategemea. Sikungoja. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Hana sura! Mke wangu!

Niandike hapa mambo yalivyo. Mke wangu alikuwa na kovu la pasi shavuni, la utotoni. Kila picha ilipopigwa, yeye alipata kazi ya ghafla jikoni. Ninayo picha yake moja tu, na humo ameshika kitasa ili atoke. Maisha yetu yote tulibishana. Yeye alisema si mzuri, mimi nilisema ni mzuri. Hatukuwa na ubishi mwingine wa maana. Na nilikuwa nashinda, polepole. Mwaka jana alikubali tununue kioo kikubwa. Sasa wanataka kupigilia misumari ukutani kwamba aliyekuwa sahihi ni yeye.

Najua hii ni kazi ya nani. Nilifika kwa mchora mabango nikiwa na kiatu mguu mmoja na ndala mguu mwingine. Juu ya mlango wake ana bango lake mwenyewe, BOLD SIGNS, na ile B imenona kama yeye. Nikamuuliza kama lile sinia limemkaa rohoni mpaka leo. Akanitazama miguu. Akasema yeye aliletewa maneno, akaandika maneno. "Mimi ni wa herufi, fundi. Mambo ya maana muulize mwenye kibao." Nikamwambia kibao kingine kipo, nacho kinamsubiri shavuni. Akasema niende nikamalize kuvaa, tutaongea nikipoa.

Sitapoa.

Na mwenye kibao siwezi kumuuliza. Utamuulizaje mtu kama alimwona mke wako mbaya? Na akisema ndiyo?

Jumatano, 8 Mei

Nina mpango.

Asubuhi nilimpigia binti yangu, nikamuuliza Kiingereza cha mwanamke mzuri, wa kupendeza. Akasema yapo maneno mengi, inategemea. Nikamwambia anipe moja lisilotegemea. Akanipa LOVELY. Nikaliandika chini ya lile jingine. Nikayatazama hadi chai ikapoa.

HOMELY. LOVELY. Herufi mbili tu! H naifuta mguu wa kulia na ule mkono wa katikati, naichorea kikanyagio, inakuwa L. M naifuta miguu yote miwili, inabaki V. Kumbe V imo ndani ya M siku zote, na hakuna anayeiona. Jambo la namna hii mke wangu angelipenda. Alikuwa akiona sura za watu kwenye mikunjo ya shuka.

Mchana mchora mabango hufunga duka akaenda kula. Nikaenda na thina ya kufutia rangi, kitambaa na brashi ndogo. Mlangoni kufuli. Mimi ni fundi kufuli. Hapo nilitabasamu peke yangu.

Kufuli lenyewe ni langu. Nilimuuzia mimi, nikamwapia kwamba hakuna mwizi atakayelifungua. Sikumdanganya. Nilichokonoa hadi mgongo ukakakamaa. Nikavunja vyombo viwili vya kazi, vizuri vyote. Muuza magazeti wa upande wa pili alinipa pole, akauliza kama mwenye duka amepoteza ufunguo. Nikasema ndiyo. Mwenye duka akatokea anachokonoa meno, ufunguo unaning'inia shingoni.

Nikamwambia nilikuja kulitia mafuta. Akasema asante, fundi, siku hizi linakwama. Akasimama pale kunitazama. Ikabidi nilitie mafuta kweli. Bure.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimeingia kwa mlango kama mtu mwenye heshima. Nilimwambia mafuta ya jana lazima yakaguliwe kwa upande wa ndani. Akaniamini, mtu mzima yule. Akaniomba nimwangalizie duka, akatoka kupokea madebe yake ya rangi.

Kibao kilikuwa mezani. Nikagusa jina lake kwanza. Kisha nikaanza na H. Mguu wa kulia ukatoka safi. Kikanyagio nikakichora kwa mstari mmoja. L ikasimama pale utadhani ilizaliwa pale. Nikahamia M. Kabla sijaigusa nikamsikia mlangoni anagombana na mchukuzi. Nikaficha kitambaa ndani ya shati. Thina inaunguza ngozi, nilikuwa sijui. Akanikuta nimejikunja, akauliza kama naumwa. Nikasema ni majonzi. Akanishika bega. Akasema na yeye akipita pale nyumba ya wageni huwa anatazama upande mwingine.

Sikumwomba anihurumie.

Kibao sasa kinasema LOMELY. Binti amethibitisha kwamba hilo si neno. Akauliza napanga nini. Nikasema sipangi kitu. Akasema Baba, unanuka rangi. Nikambadilishia mazungumzo. Nikamwambia Kiingereza ni lugha isiyo na msimamo, kwetu sisi neno likiwa moja maana ni moja. Kwa mfano mkali ni mkali. Mwalimu mkali, kisu kikali, chai kali, jua kali. Hakuna kona hapo. Akaniuliza, na gauni kali je? Nikamwambia aende kwake, mume wake anamsubiri.

Ijumaa, 10 Mei

Nilidamka kwenda kumalizia M. Meza tupu. Kibao kimeshapelekwa.

Mchora mabango alikuwa na raha zake. Akanieleza kwamba nusura aaibike. Jana alipokifunga kibao aliona neno halisomeki. Karatasi ya maneno alikuwa ameshafutia brashi. Lakini yeye si mgeni wa kazi, neno lile analijua, aliwahi kuliandika nyuma ya lori la mbao. Akarekebisha. Nikamuuliza amerekebisha nini. Akasema herufi moja tu, ile M ilikuwa imezidi mguu.

Nikarudi nyumbani nikaandika. LO, halafu M iliyopunguzwa mguu, halafu ELY. M iliyopunguzwa mguu ni N. LONELY.

Nikampigia binti. Akasema ni mpweke. Nikangoja aseme inategemea. Leo hakusema.

Mke wangu hakuwa mpweke. Alikuwa na mimi. Mchana kazini alikuwa na korido nzima ya watu wa kumwita jina. Mpweke wanayemtaka hayumo kwenye kibao kile, yuko hapa anakunywa chai iliyopoa.

Mchana nikaenda nyumba ya wageni. Kibao kimeshapigiliwa, kimefunikwa shuka jeupe, na mwenye nyumba ameketi chini yake kama askari wa benki. Nikamwomba maji. Akaagiza yaletwe. Nikamwambia simu inalia ofisini. Akasema ofisini hakuna simu, shemeji, simu ni hii hapa mkononi. Nikanywa maji yale yote nikarudi.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango wa leo ulikuwa kuhutubia mpaka watu wachoke waondoke, shuka likiwa bado juu.

Walikuja wengi. Wafagizi, wapishi, mlinzi, wageni wawili watatu wenye mabegi, binti yangu na mumewe. Mchora mabango amevaa koti. Nikaanza kuhutubia. Nilieleza mke wangu alivyokunja shuka, pembe kwanza. Alivyofunga kila ufunguo uzi wa rangi yake ili mgeni asiyejua kusoma namba asipate shida mlangoni. Alivyoniletea sabuni ndogondogo za wageni mpaka leo nazitumia. Nilidhani watachoka. Wakavuta viti. Wapishi wakaanza kulia. Ikabidi niendelee, na mimi nikaanza kulia, na nilipotafuta kitu cha kujifutia nikashika shuka.

Likaanguka.

Mwenye nyumba akavaa miwani. Akamwuliza mchora mabango hilo neno kalitoa wapi. Akajibu ndilo aliloletewa. Akaambiwa silo. Akasogea kibaoni, akaweka pua karibu na ile herufi ya kwanza. Akasema taratibu, hii L si yangu. Kisha akageuka akatazama shati langu. Nilikuwa nimevaa lile lile la Alhamisi, na doa lake la rangi.

Basi nikasema yote, na kwa sauti. Nikasema hawakuwa na haki ya kumwandika ukutani kwamba hana sura, yeye aliyekimbia kila kamera. Nikasema hata ubao una adabu kuliko watu. Nikasema na mengine, siyaandiki hapa.

Mwenye nyumba alikaa chini. Akasema lile neno alilitafuta muda mrefu. Kwa watu waliomfundisha yeye Kiingereza, HOMELY ni mtu anayekufanya ujione uko kwako. "Shemeji, mgeni akifika hapa amenuna, nilikuwa simjibu. Nampeleka kwa mkeo. Akirudi mapokezi ananiuliza kama wiki ijayo kuna nafasi. Sasa mtu wa hivyo mimi nimwiteje?"

Binti akasema yote mawili ni kweli, inategemea nani anasema, wa wapi, na anamsema nani. Akasema, nilikwambia Jumanne, Baba, ila ulikuwa unatafuta kiatu. Watu wakacheka. Mlinzi ndiye aliyecheka sana. Mimi sikucheka.

Ngazi ikaletwa. Mchora mabango akavua koti akapanda kurudisha herufi zake, mimi nikaambiwa nishike ngazi. Adhabu ndogo, walisema. Akiwa juu, bila kunitazama, akasema lile sinia lilirudishwa kwa maneno. Mke wangu alimwambia jina limekuwa zuri kuliko mwenye jina. Naye akambishia, akashindwa. "Hakunisikia kabisa. Alikuwa mzuri, fundi. Wewe unajua."

Maisha yangu yote nimetafuta shahidi. Na shahidi ndiye huyu.

Niliitikisa ngazi. Kidogo tu.

Jumapili, 12 Mei

Nimeamka sina hasira na mtu yeyote. Imedumu mpaka chai.

Mchora mabango alikuja na ngazi na bango la duka langu, zawadi, ili yaishe. Ubao mzuri, herufi za kijani. Linasema CRAFTY LOCKSMITH. Alisema maneno haya kayatafuta mwenyewe. "Craft" ni ufundi. Kwa hiyo CRAFTY ni wa kifundi, fundi wa kweli. Nikamkumbatia. Aliisahau ngazi yake kwangu kwa furaha. Nikalipigilia bango mwenyewe, nikasimama upande wa pili wa barabara kulitazama. Nilitamani mke wangu alione.

Binti akapita. Akasoma. Akacheka hadi akaegemea mlango. Nikamuuliza maana. Akasema mjanja, mtu wa hila. Akavuta pumzi akaanza kusema ine... Nilikuwa nimeshatoka, na safari hii nilikuwa na viatu vyote viwili.

Mimi, mtu wa hila. Mtu mnyoofu kama mimi.

Nina mpango. Kesho mchana, akienda kula. Ngazi ninayo. Thina imebaki robo chupa. Kufuli sitaligusa, maana bango lake liko nje, juu ya mlango. BOLD SIGNS. Nafuta ile B iliyonona, basi, naondoka zangu. Inabaki OLD. OLD ni kuukuu. Hilo nilifundishwa darasa la tatu, na halitegemei chochote.