Zawadi Isiyomfaa Mikidadi

Jumapili, 6 Agosti 1950. Kambini, Nachingwea.

Jana Bwana Stoo alitimiza miaka arobaini na moja. Makarani wote tuliitwa kula keki. Kipande changu kilikuwa sawa na kidole gumba, lakini wazo nililopata pale lilikuwa kubwa. Kumbe Wazungu wana siku ya kuzaliwa, na siku hiyo mtu hupewa zawadi, na ile zawadi hukaa nayo mwenyewe! Bwana Stoo alipewa kiko. Leo nimepita mbele ya nyumba yake mara tatu kuhakikisha. Bado anakivuta. Hakuna mpwa aliyekuja kukichukua.

Basi nimeamua. Baba naye atazaliwa.

Kumpa Baba zawadi si kazi. Kazi ni Mikidadi wa Nandagala, mtoto wa Shangazi Biasha. Kwetu mali ya mtu huenda kwa watoto wa dada yake, na Mikidadi hana subira ya kungoja msiba. Anafika Lionja kwa Baba, anatoa shikamoo, anatazama huku na huku, kisha anasema, "Mjomba, hiki kizuri." Basi. Kimekwenda! Mwaka juzi blanketi. Mwaka jana kofia. Idi iliyopita nilileta mwavuli, na wiki mbili hazikupita nikamkuta Mikidadi sokoni Ruangwa, jua la saa saba, mbinguni hakuna hata wingu, ameufungua. Akanisalimu kwa adabu sana. Ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Sitaki makubwa. Nataka kitu kimoja tu kilichotoka mkononi mwangu kibaki kwa Baba. Kimoja! Mimi nami ni mtoto wake.

Jumatano, 9 Agosti.

Niliomba ruhusa kazini, nikasema jino linauma. Saa tatu za baiskeli hadi Lionja. Baiskeli ni ya Mjomba Seleman, kaka yake Mama, anayekaa hapa Nachingwea. Nzuri, ina kengele na taa. Mwanawe Mfaume alimnunulia alipomaliza mkataba wa mkonge. Mimi nilisema tu kwamba ni nzuri.

Nilimkuta Baba anakung'uta ufuta juu ya mkeka. Nikamwuliza alizaliwa lini. Akajibu kwamba siku hiyo alikuwepo, lakini hakuwa na akili ya kuuliza. Mama akasema alisikia ni wakati wa kuvuna mtama. Baba akakumbuka kwamba vita vya Majimaji vilipofika alikuwa anaweza kukimbia mwenyewe, ila si mbali. Nikapiga hesabu, nikapata mwaka 1901. Na siku? Mimi mapumziko yangu ni Jumapili. Nikamtangazia kwamba nimemchagulia tarehe ishirini Agosti.

Baba akaacha ufuta. Akauliza kama hiyo siku ni yake kweli. Nikasema ni yake. Akauliza ni asubuhi au jioni. Nikasema asubuhi, ili tuendelee na mambo ya maana. Akataka niiandike! Nikachana paketi ya sigara, nikaandika jina lake na tarehe, na yeye ambaye hajui alifu wala a, akaishika kwa ncha za vidole kama yai, akaiweka ndani ya kofia.

Nusu saa nzima imepotea hivyo. Nilipomwuliza anataka zawadi gani akasema hana haja ya kitu, ila nisogee, nimekanyaga ufuta.

Jumamosi, 12 Agosti.

Nimepata! Sikulala vizuri kwa furaha.

Kosa langu siku zote nimenunua vitu vya kila mtu. Blanketi humfunika yeyote. Mwavuli hauchagui kichwa. Lakini mguu! Kila mtu na mguu wake aliopewa na Mungu. Nitamtengenezea Baba viatu vya tairi, katambuga, kwa kipimo cha mguu wake halisi. Mikidadi atavitazama, atasema vizuri, atajaribu, vitamkataa. Nataka niwepo nione uso wake.

Fundi ni Eustakio, Mmakonde wa karakana. Ana kipande cha tairi la lori lililokwisha kazi. Anataka kipimo kamili. Nimemwambia atakipata, na kwa siri, maana nikimwambia Baba anyooshe mguu atasema hana haja.

Jumapili, 13 Agosti.

Lionja tena. Baba hakuwepo, alikwenda shambani. Bora! Mbele ya mlango, kwenye vumbi, ulikuwepo unyayo mmoja wa mguu wa kulia, safi, haujakanyagwa na kuku. Nikapiga magoti. Nikapima kwa uzi wa kushonea magunia, fundo la urefu, fundo la upana, fundo la kisigino. Hata kidole gumba kilivyoegemea nje nilikichora kwenye karatasi. Eustakio mwenyewe asingefanya vile.

Mama akatokea akauliza nasujudia nini. Nikasema kifungo kimeanguka. Akanieleza kwamba tangu Jumatano Baba hana habari nyingine ila tarehe yake. Amemwambia mwalimu wa chuo cha Kurani. Amemwambia jumbe. Juzi alimsimamisha mtu asiyemjua, anapita na mbuzi wake, akamwambia na yeye. Mama anaomba nizungumze naye apunguze. Nikasema wazee ndivyo walivyo.

Halafu akaanza, ooh, leo asubuhi Mikidadi alipita hapa kuomba jembe. Nikamkata kauli papo hapo. Nilimwambia kwa heshima zote asiniharibie siku kwa jina hilo. Akaenda zake jikoni.

Jumatano, 16 Agosti.

Viatu viko tayari! Vizito, vyeusi, mikanda minne, misumari imefichwa. Eustakio anasema huu ni mguu wa kijana anayetembea sana. Nikamjibu kwamba Baba bado ana nguvu.

Jioni nilipita kwa Mjomba Seleman kuvionyesha. Mfaume alikuwepo, ametoka kazini kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nikamfungulia moyo wangu. Nikamweleza uchungu wa kumnunulia baba yako kitu kwa jasho lako, kisha mtoto wa shangazi aje aseme kizuri na aondoke nacho, na wewe ubaki unatazama. Mfaume alinisikiliza mdomo wazi. Akatoka nje, akalipiga teke gurudumu la baiskeli.

Nimeguswa. Si kila ndugu anaweza kuona uchungu wako namna hiyo.

Jumapili, 20 Agosti. Lionja.

Naandika nimekaa barazani kwa Baba. Sijui nifurahi au nilie. Nilivyofanya ni vyote viwili.

Nilifika saa tatu asubuhi. Baba amekaa mkekani tangu alfajiri, kaoga, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa. Watu wamejaa. Jumbe yupo, mwalimu wa chuo yupo, Shangazi Biasha katoka Nandagala. Mama amechinjisha kuku wawili. Nikauliza nani kawaalika. Kawaalika mwenyewe! Kila anayeingia, Baba anavua kofia anatoa kile kipande cha paketi. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti. Asiyejua anakishika kidogo, anakirudisha. Mimi nilitaka waharakishe tufike kwenye viatu.

Nikavitoa. Watu wakaguna kwa kuvisifu. Baba akaingiza mguu wa kulia, ukaingia wote, na nafasi iliyobaki ingetosha mguu wa Mama. Kidole gumba chake hakikuegemea nje hata kidogo. Kimenyooka. Nina miaka ishirini na saba na sijawahi kuutazama mguu wa baba yangu.

Kwenye pembe ya mkeka alikaa Mikidadi, mwavuli wangu mapajani. Akasema, "Mjomba, hivi vizuri." Akavivaa. Vikamshika kama ngozi! Kidole gumba kikaegemea nje, mahali pale pale nilipokichora. Ndipo Mama, bila kuulizwa na mtu, akawasimulia jinsi nilivyopiga magoti mlangoni Jumapili iliyopita, mahali alipopita Mikidadi kuchukua jembe. Watu walicheka mpaka jumbe akamwaga chai.

Hasira zikanipanda. Nikasimama, nikasema yote mbele za watu. Blanketi, kofia, mwavuli, na sasa viatu! Nikasema mimi ni mtoto wa nyumba hii na ndani yake hakuna hata msumari ukutani unaoweza kuitwa wangu. Sauti ilinitetemeka. Nilikuwa nimekusudia isitetemeke.

Baba akaniambia taratibu kwamba mpwa hanyimwi. Yeye mwenyewe alivaa vitu vya mjomba wake. Na hata mimi, akasema, leo sikufika Lionja kwa miguu. Sikuelewa baiskeli inahusika nini na mazungumzo hayo.

Mikidadi aliona aibu, nadhani. Si mtu mbaya, ana mikono mirefu tu. Akataka kuchangamsha baraza. Akasema yeye naye hana siku ya kuzaliwa, na siku ni ndefu, inawatosha watu wawili. Akamwomba Baba amgawie hii, naye awe anazaliwa leo. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa jambo dogo, na hakuna kitu Mikidadi aliwahi kuomba pale akakosa.

Baba akavua kofia. Akakitoa kile kipande cha paketi, akakitazama, akakirudisha ndani, akaivaa kofia na kuikandamiza kwa mikono miwili.

Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mpwa wangu, viatu chukua. Jembe kaa nalo. Nikifa, mikorosho yote yako. Lakini siku hii sikupi. Hii kanipa mwanangu."

Shangazi Biasha akashika kinywa. Mikidadi akainamia viatu vyake vipya. Na mimi machozi yakanitoka, mtu mzima, karani wa stoo, mbele ya jumbe! Nilikuwa na furaha kubwa, na sijui ilitoka wapi, kwa sababu zawadi ilikuwa imeshindwa vibaya. Baba akanivuta mkono, akanikalisha karibu yake, akaniwekea paja la kuku. Mkono hakuuachia mpaka tuliponawa.

Jumanne, 22 Agosti. Kambini.

Nimetafakari kwa siku mbili, kichwa kimetulia. Ni hasara tupu. Mikidadi ana viatu. Baba hana chochote kutoka kwangu ila kile kikaratasi, ambacho ningekitupa. Tena amemnyima mpwa wake tarehe, kitu kisicho na gharama! Namwonea huruma. Uzee unaanza kumfanya bahili.

Mwakani itakuwa kofia ya kushonwa, kwa kipimo cha kichwa chenyewe. Nitampima amelala, na nitamfunua uso kwanza kuhakikisha ni yeye.

Jioni nilipita kumwamkia Mjomba Seleman. Nilimkuta amevaa koti jipya la kaki ambalo Mfaume kamletea kutoka Lindi. Nilisema tu kwamba ni zuri.

Wakati wa kuondoka Mfaume alinifuata mpaka njiani. Habari za Lionja zimemfikia. Alinishika begani, akaniomba kwa sauti ya chini nimtafutie baba yake naye tarehe, na nimwandikie kwenye karatasi. Maskini! Nikamweleza kwa upole kwamba tarehe si zawadi, ni maneno tu. Kama anampenda baba yake, amnunulie kitu cha kushika mkononi. Kwa mfano, koti jingine. Ila safari hii atafute kubwa kidogo, maana hili linanibana kwapani.