Mtu Asiyejua Chochote Kuhusu Kompyuta

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba Kamati Maalumu ya Kuteua Lugha ya Kwanza ya Kuandikia Programu, baada ya vikao arobaini na kimoja, inakaribia kukubaliana kuhusu ajenda.

Tangazo hilo alilibandika Mwalimu wa mwaka wa kwanza, ambaye ndiye pia katibu wa kamati. Alilibandika kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, juu kidogo ya kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mwenyekiti, na hekima yake ilikuwa wazi: lugha haijateuliwa, wanafunzi wakigusa mashine watazizoesha vibaya. Basi walijifunza kwa kibodi walizochora kwenye vipande vya maboksi. Mwalimu alishawaona wengine wakibonyeza boksi kisha wakisubiri jibu, na roho ilimuuma.

Kamati nayo haikuwa imelala. Kila lugha ilitakiwa kuleta barua ya maombi na wadhamini wawili. Moja ilikatwa kwa kukosa uzoefu wa kazi, nyingine kwa kukaribia umri wa kustaafu. Ile aliyoipendekeza Mwalimu kwa kuwa ni nyepesi, Mwenyekiti aliitilia shaka. Kitu kinachoeleweka siku ya kwanza, alisema, kinashusha hadhi ya chuo.

Kikao cha arobaini na mbili Mwenyekiti akaja na hoja nzito. Lugha hiyo nyepesi ijaribiwe darasani, muhula mzima pamoja na mtihani, kwa mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta. Wajumbe wakagonga meza. Mwalimu akaandika neno kwa neno, akamsogezea kalamu, Mwenyekiti akasaini.

Mtu huyo akasakwa chuo kizima. Mfagizi alikutwa akitengeneza simu za majirani. Mpishi wa kantini alikuwa na orodha ya wateja kwenye kompyuta ya mwanawe. Wanafunzi, ilikubalika, walishaharibiwa na maboksi.

"Yaani chuo chote hiki hakina mjinga hata mmoja?" Mwenyekiti akauliza.

Mwalimu alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo alisema polepole. "Mzee, barua pepe zako nazisoma mimi na kuzijibu mimi. Na kompyuta ya ofisini kwako bado iko ndani ya boksi. Umeitandikia kitambaa, unaweka chai juu yake."

Wajumbe wakatazama kucha zao. Kisha wakampitisha Mwenyekiti kwa kauli moja, uamuzi wa kwanza tangu kamati iundwe.

Jumatatu kufuli likafunguliwa. Mwenyekiti aliketishwa mstari wa mbele, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayegusa sufuria ya moto, na baada ya saa nzima kioo kikaandika jina lake. Alifurahi kwelikweli, akainuka na koti lake.

"Kaa, Mzee," Mwalimu akasema. "Bado wiki kumi na tatu, na mtihani."

Akakaa. Binti wa kiti cha jirani akamwonea huruma, akatoa boksi lake kwenye mkoba na kumsogezea, akafanyie mazoezi nyumbani.